Je, protini za uvimbe zingetuonya mapema kwamba mionzi itashindwa?

Mwalimu mmoja kutoka Ahero ameniandikia kuhusu babake mwenye umri wa miaka 66, ambaye amevua samaki ziwani na kuvuta sigara karibu maisha yake yote. Mzee alipatikana na saratani kwenye shina la ulimi. Ripoti ya maabara kuhusu protini tatu za uvimbe ilisema kwamba p16 ni hasi, EGFR imeshika rangi sana, na p53 si ya kawaida. Akapewa mionzi mara 35 pamoja na dawa ya saratani iitwayo sisplatini kila wiki, ingawa katikati ya safari zilipotea siku 9, nyingine kwa sababu mashine iliharibika na nyingine kwa sababu damu yake ilikuwa imepungua. Miezi minne baada ya kumaliza, tezi ya limfu ya shingo ikavimba tena, na sindano ya kunyonya seli ikathibitisha kwamba saratani imerudi. Sasa kuna mtu anayeishauri familia ipeleke sampuli ng'ambo ikapimwe protini 12 zinazosemekana kuonyesha usugu wa saratani, kwa bei ambayo mwalimu anasema inalingana na ng'ombe watatu. Anauliza kama protini hizo zingewaonya mapema, na kama inafaa kuzipima sasa.

Mwalimu, nianze na jibu lenyewe ili usiuze ng'ombe kabla hujafika mwisho wa maandishi haya. Hakuna protini kati ya hizo zilizotajwa kwenye ripoti ya mzee, wala kati ya zile ambazo kwa kawaida hujazwa katika orodha za namna hiyo, ambayo ingemwambia daktari kwa uhakika kwamba mionzi na sisplatini zingeshindwa kwake. Hata kama ingemwambia, hakukuwa na tiba nyingine iliyothibitishwa kuwa bora kwa mgonjwa mwenye matokeo hayo. Mimi ni mwanapatholojia, na kazi yangu hapa Kisumu ni kuzitazama protini hizi kila siku, kwa hivyo sizidharau. Lakini kabla ya kumshauri mtu alipie kipimo, mimi huuliza jambo moja: jibu likija ndiyo daktari atafanya nini, na likija hapana atafanya nini? Kama atafanya lilelile, kipimo hicho ni cha watafiti, na watafiti ndio wanaopaswa kukilipia.

Inafaa ujue kinachofanyika maabarani, kwa maana maneno "hasi" na "chanya" huficha mengi. Kipande cha nyama kilichotolewa kwenye ulimi, mara nyingi kisichozidi punje ya mahindi, hutiwa ndani ya fomalini ya asilimia 10 iliyo nyingi mara kumi kuliko kipande chenyewe, na hukaa humo kwa muda usiopungua saa 6 na usiozidi saa 72. Kisha hukaushwa maji na kuzamishwa katika nta ya parafini iliyoyeyushwa, nayo ikiganda tunapata bloku, ambayo ni kibonge kidogo cha nta chenye nyama katikati. Fundi huiparura bloku hiyo kwa kisu cha mashine na kupata utando wenye unene wa mikroni 4, akautandaza juu ya maji ya uvuguvugu, akauopoa kwa kioo. Juu ya kioo hicho tunamimina kingamwili iliyotengenezwa ili ishike protini moja tu, halafu kemikali inayogeuka rangi pale kingamwili iliponasa. Nikiinamia hadubini naona viini vya seli vikiwa vya samawati, na palipo na protini pana rangi ya kahawia, kama chai ya rangi iliyomwagikia kitambaa cheupe.

Kwa hiyo ninachokiona ni rangi, na rangi inaweza kudanganya. Niliwahi kupokea kipande cha tonsili kutoka hospitali moja kikiwa ndani ya chupa ya jemu iliyojaa spiriti badala ya fomalini. Kipimo cha p16 kikatoka hasi. Sikuridhika, nikaomba biopsi irudiwe na kuhifadhiwa inavyotakiwa, na safari hiyo karibu kila seli ikawa ya kahawia. Mgonjwa ni yuleyule na uvimbe ni uleule, ila chupa ndiyo iliyobadilika.

Nitakaa kidogo kwenye p16, kwa sababu ndiyo protini yenye uzito mkubwa kuliko zote katika saratani ya sehemu aliyougua mzee wako. Virusi vya HPV vikiingia katika seli za tonsili au za shina la ulimi hutengeneza protini mbili zenye madhara, E6 na E7. E7 huishika protini ya seli iitwayo Rb, ambayo kazi yake ni kuzuia seli isijigawanye ovyo, na kuiharibu. Breki hiyo ikishaondoka, seli huanza kutengeneza p16 kwa wingi, kana kwamba inakanyaga breki nyingine ambayo waya wake umeshakatika. Wingi huo ndio tunaouona kama rangi ya kahawia, na kwa kanuni tunaandika "chanya" pale tu ambapo angalau asilimia 70 ya seli za saratani zimeshika rangi kwa nguvu, ndani ya kiini na nje yake. p16, kwa hiyo, ni alama ya nyayo za kirusi. Yenyewe siyo inayoleta wala kuzuia usugu.

Tofauti kati ya wagonjwa wenye kirusi na wasio nacho ni kubwa mno. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa wa saratani ya koromeo (sehemu yenye tonsili na shina la ulimi) yenye HPV waliokuwa hai baada ya miaka 3 walikuwa asilimia 82.4, na wasio na HPV asilimia 57.1, ilhali wote walipewa mionzi na sisplatini. Sababu moja ni kwamba katika saratani ya kirusi jeni la p53, ambalo huisimamisha seli yenye DNA iliyoharibika, kwa kawaida ni zima. E6 huiharibu protini yake tu, lakini jeni lenyewe halijavunjika, na seli hizo hazina ustadi mkubwa wa kukarabati DNA iliyokatwa na mionzi. Katika saratani ya moshi na pombe, jeni hilo huwa limevunjika kwa wagonjwa walio wengi, na pamoja nalo mengine chungu nzima, kwa miaka yote ambayo koo limekuwa likipitisha sigara na chang'aa. Hapo ndipo p16 hasi ya mzee wako inapoeleweka. Ilimweka katika kundi ambalo saratani yake hurudi mara nyingi zaidi, lakini haikusema kwamba yake ingerudi, kwa maana hata katika kundi hilo zaidi ya nusu walikuwa hai baada ya miaka 3.

Na je, p16 ingekuwa chanya? Bado angepewa tiba ileile. Watafiti walijaribu kuwapunguzia ukali wa dawa wagonjwa wenye HPV kwa kubadilisha sisplatini na dawa nyingine, setuksimabu, na majaribio mawili makubwa, moja la Ulaya na jingine la Marekani, ambayo matokeo yake yalitoka kuanzia mwishoni mwa 2018, yalionyesha kwamba waliobadilishiwa walifariki wengi zaidi. Niongeze jambo moja linalotuhusu sisi. Utafiti uliokusanya wagonjwa zaidi ya 7,000 na kuchapishwa mwaka 2023 uliona kwamba karibu asilimia 9 walikuwa na p16 na HPV zisizokubaliana, na hali hiyo ilikuwa ya kawaida zaidi katika maeneo ambako saratani chache za koromeo husababishwa na HPV. Maeneo yetu huenda ni ya aina hiyo, kwa hivyo napendelea p16 chanya ifuatwe na kipimo cha kirusi chenyewe pale inapowezekana. Ukiona p16 imeagizwa kwa uvimbe wa zoloto au wa shavu la ndani, ujue haina manufaa hayo. Sehemu yake ni tonsili, shina la ulimi na kaakaa laini.

Sasa EGFR. Hii ni protini iliyosimama kwenye ukuta wa seli, inapokea ujumbe wa kukua na kuupitisha ndani. Katika saratani nyingi mno za kichwa na shingo, pengine tisa katika kila kumi, imezidi kiasi chake. Seli yenye EGFR nyingi huikarabati DNA yake upesi baada ya mionzi, na kwa wastani wagonjwa wake hawafanyi vizuri. Dawa ya setuksimabu, inayoiziba protini hiyo kwa nje, ilipoongezwa kwenye mionzi peke yake katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, nusu ya wagonjwa walifikisha miezi 49 wakiwa hai, dhidi ya miezi 29.3 kwa waliopata mionzi bila dawa hiyo. Mtu angetarajia kwamba wenye rangi nyingi zaidi ya EGFR ndio wanaofaidika zaidi na dawa inayoilenga, lakini wingi wa rangi haukuweza kutabiri nani atasaidika. Ukiziba mlango huo, seli hutumia mingine, kama vile MET na HER3, au njia ya ndani iliyokwisha kuwashwa na jeni lililoharibika ambayo haingoji ujumbe wowote wa nje. "EGFR imeshika rangi sana" kwenye ripoti ya mzee ni sawa na kuandika kwamba mvuvi huyu ana nyavu. Wenzake wote wanazo.

Kuhusu p53 sina mengi. Rangi isiyo ya kawaida huashiria kwamba jeni limevunjika, jambo ambalo tungelikisia kutokana na p16 hasi na miaka ya sigara.

Katika orodha hizi za protini 12, mara nyingi ERCC1 huwekwa kama ile inayoonyesha usugu dhidi ya sisplatini, na kisa chake ni cha kumfanya mtu awe mwangalifu na fedha zake. Sisplatini huua seli kwa kuifunga DNA vifundo, na ERCC1 ni mmoja wa mafundi wanaokata vifundo hivyo. Mantiki ni nyoofu: fundi akiwapo, dawa haitafanya kazi. Kwa miaka mingi watafiti waliipima, hasa katika saratani ya mapafu, na wakaanza kupanga matibabu kwa kuitegemea. Kisha mwaka 2013 kundi la watafiti lililoongozwa kutoka Ufaransa lilionyesha kwamba seli hutengeneza maumbo manne ya ERCC1, kwamba ni moja tu linaloweza kufanya ukarabati, na kwamba kati ya kingamwili 16 zilizokuwa sokoni hakuna hata moja iliyoweza kulitofautisha hilo na mengine matatu. Watu walikuwa wakihesabu mafundi pamoja na watu waliovaa tu sare za mafundi.

Tatizo jingine ni la ukubwa wa sampuli. Aliyesoma biopsi ya mzee alitazama kipande kama punje moja ya mahindi kutoka kwenye uvimbe ambao labda ulikuwa na sentimita 4, na seli za uvimbe mmoja hazifanani. Mkulima yeyote wa upande wetu anaijua kiduha, au kayongo kwa Kijaluo, ile gugu yenye maua ya zambarau inayonyonya mahindi. Unaing'oa yote uionayo, shamba linapendeza, na msimu ujao inachomoza tena kwa sababu mbegu zake zilikuwa udongoni zikingoja. Ndani ya uvimbe pia mna seli chache zinazojigawanya polepole na kustahimili dawa, nyingine zikitambulishwa kwa protini iitwayo CD44, ambazo hubaki hai baada ya zile nyingi kufa, na ndizo zinazoanzisha uvimbe upya. Kuhesabu CD44 katika kipande cha kwanza hakukuambii mbegu hizo zimejificha wapi katika kilichobaki.

Hapa nitasema jambo ambalo huenda hukulitarajia kutoka kwa mtu wa hadubini. Sehemu ya kile tunachokiita usugu haiko kwenye protini. Mionzi ya mzee ilipangwa iwe grei 70 (grei ni kizio cha kupimia mionzi), grei 2 kwa siku, siku tano kila wiki kwa wiki 7, na mpango huo una sababu. Kuanzia takriban wiki ya nne, seli za saratani zilizosalia huanza kujigawanya kwa kasi, na kwa mujibu wa hesabu iliyochapishwa mwaka 1988 na ambayo bado inafundishwa, kila siku ya ziada baada ya hapo hula takriban grei 0.6 za kazi iliyokwisha kufanywa. Makadirio yanayotumiwa sana husema kwamba kila siku inayopotea bila kufidiwa hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa karibu asilimia 1.4. Zidisha kwa siku 9, mwalimu, uone kama kuna protini kwenye ripoti ile yenye uzito kama huo. Sisemi haya ili utafute wa kulaumiwa. Nasema kwa sababu familia nyingine zinazosoma hapa zina mgonjwa aliye wiki ya pili, na kwao swali la kuuliza ni moja: mashine ikisimama, siku hizi zitafidiwa vipi, kwa mionzi miwili katika siku moja au kwa kumhamishia kituo kingine?

Upungufu wa damu nao haukuwa jambo dogo. Mionzi huhitaji oksijeni ili jeraha la DNA liwe la kudumu, na seli iliyokosa oksijeni huhitaji kipimo cha karibu mara mbili na nusu hadi mara tatu ili ife. Seli kama hizo hutoa protini za HIF-1 na CAIX, ambazo bila shaka zimo katika orodha yako ya 12. Ila dalili ya nje ya jambo hilohilo, yaani hemoglobini, inapimwa kwa bei ya chini katika kila kaunti, na chanzo chake kinaweza kutafutwa, uwe ni utapiamlo kwa sababu mzee hawezi kumeza, au kidonda kinachovuja. Kuhusu sigara, utafiti wa Kanada wa mwaka 1993 ulikuta kwamba waliovuta wakati wa mionzi, ni asilimia 45 tu ambao uvimbe wao ulitoweka kabisa, na kati ya wasiovuta ni asilimia 74. Hukuniambia kama mzee aliacha. Kama hajaacha, bado ni jambo la kuzungumza naye kwa upole.

Tuje kwenye sasa. Jambo la kwanza si protini, ni upasuaji. Saratani iliyorudi kwenye tezi za shingo peke yake, pasipo kurudi kwenye ulimi wala kufika kwenye mapafu, wakati mwingine inaweza kuondolewa kwa kisu, na hiyo ndiyo nafasi iliyo kubwa ya kupona kwa mtu aliyekwisha pata mionzi. Kwa hiyo picha ya CT ya shingo na kifua, halafu daktari mpasuaji wa masikio, pua na koo, tena upesi. Ikiwa familia ina fedha za ng'ombe mmoja, huku ndiko ningezipeleka kwanza.

Ikionekana kwamba upasuaji hauwezekani, ndipo PD-L1 inapoingia, na ndiyo protini pekee ambayo ningekubali uilipie, kwa masharti. Hii ni protini ambayo seli ya saratani huionyesha kwa askari wa kinga ya mwili ili wapite bila kuishambulia. Dawa za pembrolizumabu na nivolumabu huvuruga ishara hiyo. Tunahesabu seli zote zenye rangi, za saratani na za kinga, tukazigawanya kwa idadi ya seli hai za saratani na kuzidisha kwa 100, na kioo lazima kiwe na angalau seli 100 za saratani zilizo hai. Utafiti wa mwaka 2019 uliofanya pembrolizumabu itumike mwanzoni ulitegemea alama hiyo, 1 na kuendelea au 20 na kuendelea. Lakini haukuwahusisha watu ambao saratani yao ilirudi ndani ya miezi 6 baada ya tiba ya kuponya, na mzee wako yuko hapo hasa. Kwa kundi lake kuna utafiti wa mwaka 2016, ambamo wagonjwa waliopewa nivolumabu baada ya sisplatini kushindwa walikuwa hai kwa asilimia 36 baada ya mwaka mmoja, dhidi ya asilimia 16.6 kwa waliopata dawa za kawaida, na dawa ilitolewa bila kujali PD-L1. Maana yake ni kwamba kwa mzee, hata PD-L1 itamsaidia daktari kukadiria matarajio kuliko kuamua kama dawa itolewe.

Bei ya nivolumabu kwa dozi kamili inatisha, nami sitakuficha. Muulize daktari wake wa saratani kuhusu utafiti wa hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai uliochapishwa mwaka 2023, ambamo miligramu 20 tu kila wiki 3, kiasi kisichofika sehemu moja ya kumi ya dozi ya kawaida, zilipoongezwa kwenye vidonge vya aina tatu vya bei nafuu, waliokuwa hai baada ya mwaka mmoja waliongezeka kutoka asilimia 16.3 hadi 43.4. Hawakuchaguliwa kwa PD-L1. Tiba hii haiponyi, na si kila daktari ameizoea, lakini ni mazungumzo yenye faida kuliko yale ya protini 12. Uliza pia, kabla ya dozi ya kwanza, SHA, yaani bima ya afya ya serikali, italipia nini na nini kitabaki mikononi mwenu, na uombe mzee aonwe na kliniki ya tiba shufaa kwa ajili ya maumivu na kumeza hata kama tiba nyingine inaendelea.

Mwisho, bloku. Nenda kwenye maabara iliyosoma biopsi ya kwanza na uombe nambari ya bloku iliyoandikwa kwenye ripoti, kisha uhakikishe kwamba bado ipo rafuni. Ikihitajika PD-L1, bloku hiyo inaweza kutumika, ingawa kipande kipya cha tezi ya shingo kitakuwa bora iwapo mpasuaji atakichukua. Ukikabidhiwa uisafirishe mwenyewe, iweke kwenye bahasha ndogo ngumu ndani ya mkoba wako, usiiache juu ya dashibodi ya matatu mchana wa Kisumu, kwa maana nta hulainika na nyama iliyomo ndani haina nyingine ya kuiziba nafasi yake.